Kete Nzito Si Kete ya Kweli

Wengi hudhani kuwa kete ya mchezo wa poka iliyo nzito ndiyo ya kasino hasa. Dhana hiyo ina kasoro, nasi hatuna budi kuisahihisha.

Kete za kasino nyingi za Las Vegas, Marekani, huitwa za udongo, lakini hazikufinyangwa wala kuchomwa kama chungu. Udongo huchanganywa na plastiki na rangi, kisha hushindiliwa katika kalibu yenye moto. Madoa ya ukingoni hayakupakwa; ni vipande vya rangi nyingine vilivyopachikwa kabla ya kushindiliwa. Na kwa kuwa rangi moja huwa nzito kuliko nyingine, kete za kundi moja hupishana uzito, nyingi zikiwa karibu na gramu 9 au 10. Zikiwa mpya hukwaruza kidole. Zikichakaa hulika kingo, zikawa laini kama komwe za bao lililochezwa miaka mingi.

Zile za madukani, zenye gramu 11.5 au zaidi, aghalabu ni plastiki iliyofichwa kisahani cha chuma tumboni. Uzito huo, kwa maoni yetu, ni wa kuupumbaza mkono tu.

Kanuni za jimbo la Nevada zataja kipenyo na unene, na hilo ni jambo la busara, maana mgawa karata hulinganisha mafungu kwa kimo. Tena zatamka kuwa kete ni mali ya kasino, na kwa aliyeishika ni ushahidi wa deni analoidai kasino hiyo. Kasino ikiacha kutumia kete zake, hupaswa kuwatangazia wenye nazo wazirudishe walipwe.