Nani Atawasemea Watoto Mbele ya Wakuu wa Vita?

Wazee wetu walisema kuwa wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii tumeizoea mno. Twaisema na kupita, wala hatusimami kuuliza nyasi hizo ni nani. Sisi ambao kazi yetu ni kusomesha watoto hatuna haja ya kuuliza sana. Nyasi ni yule aliyeketi mkekani mbele yetu na juzuu yake mapajani, asiyejua mpaka wa nchi umepita wapi, wala nani alianza kumchokoza nani. Vita vikija, yeye ni wa kwanza kulala na njaa, na ni wa mwisho kutakwa shauri.

Ndugu wasomaji, katika makala hii twataka kuwataja watu ambao kazi yao si kupigana wala kutawala, bali ni kupeleka unga, maziwa na dawa mahali penye vita. Watu hawa walipoona kuwa dawa haifiki na unga unaoza ghalani, walikwenda kubisha hodi milangoni mwa wakuu na kuwataka wawahifadhi watoto. Nasi twataka kuonyesha jambo moja tu: kwamba lile neno wanalolisema wakuu, kuwa vita havina macho na haviwezi kumpisha mtoto, si neno la kweli. Wakuu wenyewe wamekwisha kulikanusha kwa vitendo vyao.

Tuanze na mwaka 1919. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimesimama tangu Novemba 1918, lakini Uingereza na wenzake waliendelea kuzizuia njia za bahari ili kuwabana maadui zao mpaka watie sahihi mkataba. Katika Ujerumani na Austria watoto walidhoofika kwa njaa. Huko London bibi mmoja wa Kiingereza, jina lake Eglantyne Jebb, aliyepata kuwa mwalimu wa shule, alisimama katika uwanja wa Trafalgar akigawa karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria aliyekonda. Alikamatwa, kwa kuwa karatasi hizo hazikupata idhini ya wakaguzi wa serikali, akapelekwa mahakamani na kutozwa faini ya pauni 5. Yasimuliwa kuwa mwendesha mashtaka mwenyewe aliguswa moyo akatoa pauni 5 zake. Mwezi ule ule wa Mei 1919 chama cha Save the Children kikazinduliwa. Mwaka 1924 Shirikisho la Mataifa, lililokuwa na makao yake Geneva, likapitisha Azimio la Haki za Mtoto lenye vifungu 5 ambalo bibi huyo ndiye aliyeliandika. Na kimojawapo chasema kuwa wakati wa dhiki mtoto ndiye apewe msaada kwanza.

Na tutazame jambo hili kwa makini. Watoto wale hawakuwa wa taifa lake. Walikuwa watoto wa adui, nao Waingereza walikuwa bado wanawalilia vijana wao waliokufa vitani. Kumtetea mtoto wako hakuhitaji ushujaa. Hata kuku huruka usoni pa mwewe. Ushujaa ni kumtetea mtoto wa yule uliyepigana naye.

Kwa Mwislamu jambo hili lisingepaswa kuwa geni. Imethibiti katika Hadithi sahihi, kwa mapokezi ya Ibn Umar, kwamba mwanamke alikutwa ameuawa katika mojawapo ya vita, na Mtume (S.A.W.) akachukizwa, akakataza kuua wanawake na watoto. Naye Sayyidna Abubakar (R.A.), alipokuwa akiliaga jeshi la Sham, alimuusia jemadari wake asiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee. Basi anapotokea mtu asiye wa dini yetu akalisimamia lile tulilofundishwa sisi, haitupasi kumwonea wivu. Yatupasa tujionee haya ikiwa sisi tulinyamaza.

Sasa twende El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Humo serikali na wapiganaji wa msituni walipigana tangu mwaka 1980 hata 1992. James Grant, aliyekuwa mkuu wa UNICEF, alimwendea Rais José Napoleón Duarte na hoja nyepesi kuifahamu: surua, dondakoo, kifaduro, pepopunda na ugonjwa wa kupooza vinaua watoto wengi, na chanjo zipo, lakini barabara zimefungwa na bunduki. Hakumwambia amalize vita, kwa kuwa alijua angejibiwa kwamba adui ndiye akatazwaye kwanza. Aliomba siku zinazohesabika. Maaskofu wa Kanisa Katoliki na watu wa Msalaba Mwekundu wakalipeleka ombi hilo kwa wapiganaji. Hatimaye bunduki zikanyamaza siku 3 za mwaka 1985: tarehe 3 Februari, tarehe 3 Machi na tarehe 21 Aprili. Karibu watoto robo milioni walichanjwa. Jambo hilo likarudiwa kila mwaka mpaka vita vilipokwisha.

Mfano wa pili u karibu na sisi. Mwaka 1988 njaa iliyoletwa na vita katika Sudan ya Kusini iliua watu wanaokadiriwa kuwa 250,000. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaitaka serikali ya Khartoum, iliyoongozwa na Sadiq al-Mahdi, pamoja na jeshi la John Garang, wafungue njia ambazo chakula na dawa vitapita pasipo kupigwa. Grant yule yule ndiye aliyewekwa kulisimamia jambo hilo. Pande zote mbili zikakubali, na ndege zikawa zikiruka kutoka Lokichoggio, katika nchi ya Waturkana kule Kenya, zikibeba chakula na dawa. Makubaliano hayo yalivunjwa mara nyingi, na mara nyingi ndege zilikatazwa kuruka. Lakini yalikuwapo, na watoto wengi walikua watu wazima kwa sababu yalikuwapo.

Huenda msomaji akauliza: yafaa nini kumchanja mtoto asubuhi kisha kumpiga kwa bomu jioni? Swali hili ni zito, wala hatutaki kulipita kwa maneno matamu. Katika Gaza lilikuwa swali la kweli kabisa. Mwezi wa Julai 2024 virusi vya ugonjwa wa kupooza viligunduliwa katika maji machafu, na mwezi wa Agosti ikathibitika kuwa mtoto wa miezi 10 amepooza mguu. Kisa cha kwanza katika Gaza kwa muda wa miaka 25. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakazitaka pande mbili zisimamishe mapigano kwa saa kadhaa za mchana, eneo baada ya eneo: katikati kwanza, kisha kusini, kisha kaskazini. Kati ya tarehe 1 na tarehe 12 Septemba watoto wapatao 559,000 wenye umri chini ya miaka 10 walitiwa matone midomoni. Duru ya pili ilipofika, kule kaskazini iliahirishwa kwa sababu ya mabomu, na maelfu ya watoto hawakufikiwa.

Sisi tulipoziona picha za watoto wale wakinyosha vidole vyao vilivyotiwa wino, tulikumbuka siku wachanjaji walipokuja chuoni kwetu. Tuliufunga ubao, watoto wakapanga mstari ukutani, kila mmoja akadondoshewa matone na kupakwa wino kidoleni ili asirudie. Walionyeshana vidole wakicheka. Mmoja wao, mtoto mwenye haya nyingi, alitujia akauliza kama yafaa kuushika Msahafu kabla wino ule haujatoka. Tukamwambia yafaa, kwani si najisi. Jambo lote lilichukua muda wa darasa moja, na wachanjaji wakanywa chai wakaenda zao. Hatukuhitaji ruhusa ya majemadari wawili ili mtoto yule apakwe wino. Neema hii tulikuwa nayo, na hatukuijua kuwa ni neema.

Basi tujibu swali lile. Kwanza, maradhi hayangoji amani. Mtoto aliyepooza leo hatasimama kwa kuwa mkataba umetiwa sahihi kesho. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, siku ile bunduki ziliponyamaza ni shahidi juu ya wakuu. Mtu aliyeweza kuzuia mizinga asubuhi kwa ajili ya matone mawili, alikuwa na uwezo huo jana, na atakuwa nao kesho. Hawezi tena kusema kuwa vita ni kama kimbunga, havina mwenyewe. Vina mwenyewe, naye ameonekana akivizuia kwa mkono wake.

Lakini kumwambia mkuu neno la haki kuna gharama. Mwezi wa Machi 2009, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa hati ya kumkamata Rais Omar al-Bashir kwa mambo ya Darfur, serikali yake iliyafukuza mashirika 13 ya kigeni ya misaada, na wagonjwa wakabaki bila waganga. Hapo ndipo penye mtihani wa watumishi hawa: wakisema, huenda wakafukuzwa na mtoto akakosa dawa, wakinyamaza, hupata kumtibu jeraha leo na kungoja aletwe na jeraha jingine kesho. Wengine wamechagua kusema, wengine wamechagua kunyamaza na kutibu, nasi hatuwezi kuwalaumu tukiwa tumekaa barazani petu. Lawama ni ya yule aliyewaweka katika uchaguzi huo.

Ili mzigo huo usibebwe na watumishi peke yao, ilitafutwa njia nyingine. Bibi Graça Machel wa Msumbiji, aliyepata kuishi Bagamoyo na kufanya kazi katika shule ya FRELIMO, alitakwa na Umoja wa Mataifa achunguze hali ya watoto vitani, na mwaka 1996 akatoa taarifa yake. Kutokana na taarifa hiyo aliwekwa mjumbe maalumu wa Katibu Mkuu kwa ajili ya watoto, na wa kwanza kushika kazi hiyo alikuwa Olara Otunnu wa Uganda. Mwaka 2005 Baraza la Usalama likaweka utaratibu wa kuyaandika maovu makubwa 6: kuua na kulemaza watoto, kuwaingiza jeshini, kuwanajisi, kuwateka, kushambulia shule na hospitali, na kuzuia misaada isiwafikie. Kila mwaka hutolewa orodha ya majeshi yaliyofanya hayo, yawe ya serikali au ya waasi. Taarifa ya mwaka 2024 ilithibitisha maovu 41,370, idadi kubwa kuliko zote zilizopata kuandikwa tangu utaratibu huo uanze.

Wakuu huiogopa orodha hiyo kuliko wanavyokiri. Mwaka 2016 majeshi ya muungano ulioongozwa na Saudi Arabia katika vita vya Yemen yaliandikwa humo, na siku chache baadaye yakaondolewa. Katibu Mkuu wa wakati ule, Ban Ki-moon, alisema hadharani kuwa uamuzi huo ulimwuma, lakini alihofia fedha za misaada zingekatwa na mamilioni ya watoto wengine wangeumia. Mwaka 2017 muungano huo ukaandikwa tena. Twayataja haya kwa makusudi. Mwislamu anayelia kwa ajili ya mtoto wa Gaza, na ni haki alie, kisha akamnyamazia mtoto wa Yemen au wa Darfur kwa kuwa aliyemuua anaswali kama yeye, hajamtetea mtoto. Ametetea kabila lake tu. Mwaka 2024 jeshi la Israel na Hamas pia yaliandikwa katika orodha hiyo. Kalamu ya haki haiulizi jina la baba.

Wala si kweli kwamba maandishi hayo huishia makabatini. Thomas Lubanga wa Ituri, katika Kongo jirani yetu, alihukumiwa mwaka 2012 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15, akafungwa miaka 14. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya mahakama ile.

Je, sisi tulio majumbani tufanye nini? Tufanye lile lililo katika uwezo wetu. Kwanza, tusiwafundishe watoto wetu kufurahia msiba wa mtoto wa adui, hata kwa mzaha. Pili, sadaka zetu tuzipeleke kwa wale tunaojua kuwa hufika. Tatu, viongozi wetu wanapokwenda katika vikao vya mataifa, tuwaulize kama Bibi Jebb na Bwana Grant walivyouliza, si kwa maneno ya jumla kuhusu amani, bali kwa ombi lenye siku, lenye njia na lenye hesabu: ni barabara gani itafunguliwa, lini, na watoto wangapi watafikiwa? Ombi la jumla hujibiwa kwa hotuba. Ombi lenye hesabu hujibiwa kwa ndiyo au siyo, na aliyesema siyo hujulikana.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wa walimwengu wote, awape nguvu wanaowasemea, na azilainishe nyoyo za wenye amri kabla haijafika Siku ambayo mtoto mwenyewe ndiye atakayesimama kuuliza. Amin.