Paka Nyumbani na Kifua cha Mwenzetu

Katika miji yetu ya mwambao, kuanzia Lamu hadi Mji wa Kale wa Mombasa, paka ni mkaazi kama wakaazi wengine. Hulala barazani, hungoja vichwa vya samaki mlangoni pa jiko, na watoto huhuzunika akikosekana. Lakini zipo nyumba ambamo mtu mmoja, kila paka apitapo, hupiga chafya mfululizo, macho humwasha na kifua humbana. Hapo ndipo maneno huanza. Mgonjwa huambiwa kwamba anadeka, au kwamba anamchukia kiumbe ambaye dini haikumhesabu kuwa najisi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ni kweli kwamba paka si najisi. Bibi Kabsha binti Kaab alisimulia kwamba alimtilia mkwewe, Sahaba Abu Qatada, maji ya kutawadha; akaja paka, na mzee yule akamwinamishia chombo anywe. Kabsha alipostaajabu, alielezwa kuwa Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Hata hivyo, tohara ni jambo moja na afya ni jambo jingine. Kamba ni halali kwetu, lakini yuko ambaye akila mmoja tu huvimba midomo, nasi hatumwambii kwamba ameikataa halali ya Mwenyezi Mungu. Mwenye mzio wa paka anastahiki huruma iyo hiyo.

Wengi hudhani kwamba manyoya ndiyo yenye madhara. Kiini hasa ni protini iliyomo katika mate na ngozi ya paka. Anapojilamba, mate hukauka juu ya manyoya. Kisha chembe ndogo mno hupeperuka pamoja na mba wa ngozi, zikaelea hewani kwa saa nyingi na kunata katika mito, magodoro, mapazia na nguo. Mwili wa mwenye mzio huzipokea chembe hizo kana kwamba ni adui. Ndiyo sababu huweza kupiga chafya hata paka asipokuwamo chumbani.

Kabla ya kumlaumu paka, na tuhakikishe. Vumbi, ukungu wa kuta zenye unyevu na mende pia huleta dalili kama hizo, na tabibu anaweza kubainisha kwa kipimo cha ngozi au cha damu.

Ikithibitika kwamba ni paka, jambo la kwanza ni chumba cha kulala cha mgonjwa: kiwe mwiko kwa paka, mchana na usiku. Foronya na mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto. Ufagio mkavu hutimua vumbi. Ni bora kupangusa na kupiga deki kwa kitambaa kibichi, na madirisha yafunguliwe upepo upite. Tusisahau miswala. Paka hupenda kujikunja juu yake, na mwenye mzio huuweka uso wake papo hapo anaposujudu. Awe na mswala wake, ufuliwe mara kwa mara na uhifadhiwe kabatini.

Paka naye atengewe mahali pake uani au barazani, na kumlisha na kumsafishia choo kuwe kazi ya asiye na mzio. Anayemshika anawe mikono kabla ya kujigusa macho. Dawa za mzio zipo, za kumeza na za kupuliza puani, lakini zitumiwe kwa ushauri wa tabibu, kwani baadhi yake huleta usingizi.

Ikiwa mgonjwa ana pumu, na kifua kinampigia filimbi licha ya tahadhari zote, hapo haki ya binadamu hutangulia, na paka atafutiwe makao mengine. Neno ni atafutiwe, wala si atupwe. Kumtia katika gunia usiku na kumwacha sokoni si suluhisho la Muislamu. Sote twaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula. Apewe jamaa au jirani atakayemtunza. Nasi tujue kwamba chembe zake huweza kubaki nyumbani kwa miezi kadhaa baada ya yeye kuondoka, hivyo usafi na subira viendelee.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba ambazo mgonjwa husadikiwa anaposema kwamba anaumwa, na mnyama asiyeweza kusema naye hadhulumiwi. Amin.