Viluwiluwi wa chura: Kwa nini wengi hufa wakikaribia kuwa vyura?

• Miguu ya mbele ikitoka, kiluwiluwi anahitaji sehemu ya kutoka majini.
• Maji ya bomba yaache wazi saa 24 kabla ya kuyatumia.
• Ukimaliza, warudishe kwenye dimbwi lile lile.

Mwanza. Mvua zikinyesha Butimba, haichukui muda mitaro na madimbwi kujaa viluwiluwi wa chura. Watoto huwachota kwa makopo, wakawaweka kwenye beseni nyuma ya nyumba na kusubiri.

Wiki zinapita, miguu inatoka, kila mtu anafurahi. Halafu asubuhi moja unamkuta amekufa, siku chache tu kabla hajawa chura. Shida ni nini?

Iko hivi: mara nyingi amekufa maji. Ndiyo, kiumbe aliyeanza maisha majini anaweza kuzama.

Mwilini kunatokea nini?

Kiluwiluwi hupumua kwa matamvua kama samaki. Miguu ya nyuma huonekana kwanza, kisha ya mbele. Wakati huo homoni za tezi ya shingoni zinabadili karibu kila kitu: matamvua yanapotea, mapafu yanashika kazi, na utumbo mrefu unafupika ili usage wadudu badala ya majani.

Hata mdomo unabadilika, hivyo kwa siku kadhaa hali chochote. Usimlazimishe. Anaishi kwa akiba ya mkia wake, ambao haukatiki bali unanyonywa na mwili mpaka unaisha.

Fanya hivi

Chukua wachache tu, beseni likijaa maji huchafuka haraka. Maji ya bomba yana klorini, ndiyo maana tunayaacha wazi siku nzima. Badilisha sehemu ya maji kila baada ya siku chache, si yote kwa mkupuo.

Chakula ni mchicha uliochemshwa na kupoa, kidogo kidogo. Mabaki yatoe kabla hayajaoza.

Ukiona miguu ya mbele, punguza maji na weka jiwe lenye mteremko, nusu yake iwe nje. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Akishapanda, chura mdogo atahitaji wadudu wadogo walio hai.

Beseni liweke kivulini na ulifunike kwa kipande cha chandarua, la sivyo utakuwa unafuga mbu.

Tahadhari: Mwambao wa Ziwa Victoria una kichocho. Mtoto asiingie kwenye maji hayo peku. Mtu mzima achote kwa kopo lenye mpini mrefu, akiwa na buti na glovu.

Kwa nini ujisumbue?

Tanzania inajua thamani ya kazi hii. Chura wa Kihansi, anayezaa watoto waliokamilika bila kupitia hatua ya kiluwiluwi nje, alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009. Aliokolewa kwa sababu takribani 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 kulelewa kwenye bustani za wanyama. Mwaka 2012 walianza kurudishwa Kihansi.

Moja ya mambo yaliyohusishwa na kuporomoka kwao ni ugonjwa wa kuvu wa ngozi. Ndiyo maana vyura wako wasihamishiwe dimbwi jingine, na maji ya beseni usiyamwage mtoni.

Kwa hiyo kabla hujatafuta beseni, tafuta jiwe kwanza.