Je, Mabango na Vipaza Sauti Hubadili Tabia za Watu?



Katika kikao cha kamati kilichopita lilizuka shauri la kutenga fedha za chama kwa mabango na gari la kipaza sauti, ili wakati wa mavuno watu wakumbushwe wasivunje matawi ya mikarafuu wala wasianike karafuu juu ya lami. Wengine waliona ni jambo jema, wengine walisema ni fedha za kutupa baharini. Kabla hatujapiga kura, heri tuwatazame wenzetu wa mbali, Sumbawanga na nchi ya Ufipa, maana huko jambo hili limekwisha kujaribiwa na hesabu zake zipo.

Ufipa ni uwanda wa juu wenye baridi, mkoani Rukwa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mkarafuu haumei huko, lakini mahindi, maharage na ulezi hustawi sana, na mkoa ule ni mmoja wa mikoa inayolisha nchi. Basi mtu angedhani watoto wake wameshiba na kukua vyema. Sivyo. Upimaji wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Rukwa walio chini ya miaka mitano, 56 wamedumaa, yaani vimo vyao ni vifupi kuliko umri wao. Hapana mkoa uliozidi huo. Kwa nchi nzima hesabu ilikuwa 34. Magunia yamejaa ghalani, na mtoto amedumaa!

Wala si kwamba watu hawakuambiwa. Kampeni ya Chakula ni Uhai ilitangazwa redioni tangu mwaka 1975. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Makamu wa Rais wa wakati ule, mwenzetu wa Visiwani, Bi Samia Suluhu Hassan. Vijijini nako kumewekwa siku ya afya na lishe, ambapo watoto hupimwa na mama hufundishwa kutia maharage, karanga au maziwa katika uji. Somo lenyewe si gumu. Lakini mama yule yuko shambani na jembe lake tangu alfajiri, na mtoto kaachiwa dada yake mdogo pamoja na uji mwepesi uliopikwa asubuhi. Mtoto mchanga hutaka kulishwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Nani atamlisha? Na maharage ndiyo yanayouzwa kupata fedha za nyumba. Bango halimpalilii mtu shamba. Upimaji wa mwaka 2022 ulikuta wamedumaa kiasi cha 50 katika 100. Wamepungua, alhamdulillahi, lakini nusu ya watoto ni wengi mno.

Asije mtu akasema basi kampeni zote ni upepo. Mwaka 1973 ilikuwapo Mtu ni Afya, na wazee wetu wengi wa bara wanaikumbuka. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyefundishwa na kitabu chake. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakakata shauri la kazi: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Vyoo vikachimbwa kwa malaki. Kazi ile ilitaka jembe na siku chache tu, wala haikutaka fedha nyingi, na jirani alikuona kama umechimba au hukuchimba. Hata hivyo shimo la choo hujaa na kuta huanguka. Mwaka 2017 Serikali ilianza tena na Nyumba ni Choo, na mwaka 2018 kipindupindu kilivipiga vijiji vya bonde la Ziwa Rukwa, chini ya uwanda ule ule.

Nami hupenda kukumbuka jambo moja la Wafipa. Wao hufukia majani ndani ya matuta ya duara, yakaoza yakawa mbolea, na desturi hii ilikuwapo kabla ya Bwana Shamba wa kwanza kufika. Mtoto aliijua kwa kushika jembe na kuyaona mavuno.

Turudi kwetu. Miaka mingapi tulihubiriwa juu ya magendo, na mashua zikaondoka usiku vilevile? Mwaka 2011 bei ilipopandishwa hata kufika shilingi 15,000 kwa kilo, karafuu zilirudi vituoni. Mchumaji anayevunja tawi anajua kuwa ni vibaya. Lakini hulipwa kwa pishi, na kuvunja ni haraka kuliko kuchuma. Mwenye kuanika juu ya lami naye anajua, ila hana jamvi la kutosha.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: fedha za mabango ziwe chache, zilizobaki zinunue majamvi ya kuazimwa katika kila tawi la chama. Wenye mashamba nao wakae na wachumaji wao kabla ya msimu, wapatane nyongeza kwa asiyevunja matawi. Makatibu wa matawi wanaombwa kuniletea hesabu ya majamvi wanayohitaji kabla ya mkutano mkuu, pamoja na majina ya wenye mashamba watakaokubali kuijaribu nyongeza hiyo msimu huu.