Ligi Ikilala, Soko Huamka: Usajili wa Marekani na Mtoto wa Mtu

Ndugu msomaji, wengi wetu hudhani kwamba msimu wa michezo humalizika siku kombe linapokabidhiwa kwa bingwa. Uwanja hufungwa, mashabiki hurudi makwao, na wachezaji hupewa likizo. Lakini kila mpenzi wa Simba na Yanga anajua kwamba hapo ndipo maneno yanapoanza. Nani anaondoka? Nani anakuja? Kocha atabaki au atafungasha? Kipindi cha usajili ndicho kinachoandaa, kwa sehemu kubwa, furaha na majonzi ya mwaka unaofuata.

Huko Marekani jambo hilo limekuwa shughuli kubwa yenye kanuni zake, mawakala wake na mabilioni ya dola. Ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu, NBA, kwa kawaida humaliza fainali zake mwezi Juni. Siku chache baadaye hufanywa uteuzi wa chipukizi, kisha mlango wa mikataba mipya hufunguliwa. Timu za vyuo vikuu humaliza mashindano yao mapema Aprili, nazo huanza mara moja kunyang'anyana wachezaji. Vijana wa Kiafrika wamo katika msafara huo, na wa kwetu amekwisha kupita humo. Kwa hiyo yafaa familia ya mfanyakazi ifahamu jinsi soko hilo linavyoendeshwa, kwa sababu kinachopimwa bei humo ni nguvu za mtoto wa mtu.

JASHO LA NANI?

Zamani mchezaji wa kulipwa wa Marekani hakuwa na sauti juu ya mahali pake pa kazi. Mkataba wake ulikuwa na kifungu kilichomfunga kwa mwajiri hata muda wake ulipokwisha. Timu ndiyo iliyoweza kumbakiza, kumbadilisha kwa mchezaji mwingine, au kumwacha.

Mwezi Oktoba 1969, Curt Flood, mchezaji wa besiboli aliyekuwa ameitumikia timu ya St. Louis kwa miaka 12, aliarifiwa kwamba amepelekwa Philadelphia. Hakuulizwa. Alikataa, akaenda mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu dhidi yake kwa kura 5 kwa 3. Flood alipoteza kesi na kazi, lakini mti alikuwa amekwisha kuutikisa. Mwishoni mwa mwaka 1975 wachezaji wa besiboli walipata haki ya kuwa huru mkataba unapokwisha.

Katika mpira wa kikapu, Oscar Robertson, aliyekuwa rais wa chama cha wachezaji, alifungua kesi mwaka 1970. Suluhu ilipatikana mwaka 1976, na kamba ikaanza kulegezwa. Mwaka 1988 Tom Chambers akawa mchezaji wa kwanza wa NBA kuhama akiwa huru kabisa, kutoka Seattle kwenda Phoenix, bila timu yake ya zamani kuwa na uwezo wa kumzuia.

Tuseme wazi, ndugu msomaji, kwamba haki hiyo haikutolewa na wenye timu kwa huruma. Ilipatikana kwa umoja wa wachezaji waliotambua kwamba, pamoja na mishahara yao mikubwa, wao ni wafanyakazi.

CHIPUKIZI HACHAGUI

Hata hivyo, uhuru huo humfikia mchezaji aliyekwisha kukomaa. Chipukizi huingia kwa mlango mwingine. Katika uteuzi wa kila mwaka timu huchagua kwa zamu, na kwa jumla zile zilizofanya vibaya hutangulizwa ili zipate nafuu. Kijana akishataja jina lake, hachagui aende wapi. Akitajwa katika raundi ya kwanza, mkataba wake huwa na miaka 2 ya uhakika. Miaka 2 inayofuata ni hiari ya timu, wala si yake.

Hapa ndipo tunapomkuta Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam na Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Alisoma sekondari Houston, kisha akaichezea Connecticut, chuo kikuu chenye jina kubwa katika mchezo huo. Mwaka 2009 aligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East, na chuo chake kikafika nusu fainali ya taifa. Mwezi Juni mwaka huo timu ya Memphis ilimchagua akiwa wa pili nchi nzima, nyuma ya Blake Griffin. Stephen Curry, ambaye leo anajulikana dunia nzima, alichaguliwa wa saba.

Kwa familia na kwa taifa ilikuwa heshima kubwa. Lakini tutazame hali ya timu aliyopelekwa. Memphis ilikuwa tayari na mchezaji wa kati, Marc Gasol, aliyekuja mwaka 2008 na kujijengea nafasi. Wiki chache baada ya uteuzi, timu hiyo hiyo ikamleta Zach Randolph, mtu mwingine wa karibu na kikapu, mwenye uzoefu wa miaka mingi. Kijana aliyehitaji dakika nyingi za kujifunza akakuta viti vimekaliwa.

Mwezi Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo ya kukuzia wachezaji. Februari 2011 alibadilishwa kwenda Houston. Machi 2012 alibadilishwa tena, safari hii kwenda Portland. Kiangazi cha mwaka huo alijiunga na Oklahoma City, akakaa misimu 2. Timu 4 katika misimu 5, na baada ya 2014 hakucheza tena NBA.

Si haki kusema kwamba Memphis peke yake ndiyo iliyomwangusha, wala kwamba yeye hakuwa na upungufu. Alianza mchezo huu akiwa kijana mkubwa, na NBA haina subira. Lakini safari yake inatufundisha kwamba namba ya kuchaguliwa hufungua mlango tu. Dakika za kucheza, kocha na mpango wa timu ndivyo vinavyoamua kama aliyeingia atapata mahali pa kukaa.

JINA KUBWA HALITOSHI

Timu nazo zina funzo lao. Msomaji anayetaka kubashiri mwaka wa timu yoyote asihesabu majina mapya peke yake. Ajiulize kwanza: pengo lilikuwa wapi, na aliyekuja analiziba?

Boston ilimaliza msimu wa 2006-07 ikiwa imeshinda michezo 24 na kupoteza 58. Tayari ilikuwa na Paul Pierce, mfungaji hodari asiye na wa kumsaidia. Kiangazi hicho ilimleta Ray Allen, bingwa wa kutupa kutoka mbali, na tarehe 31 Julai 2007 ikampata Kevin Garnett kwa kuipa Minnesota wachezaji 5 na nafasi za uteuzi. Kila mmoja kati ya hao watatu alikuwa na kazi yake. Garnett akaufanya ulinzi kuwa ukuta. Msimu uliofuata Boston ilishinda michezo 66, ikapoteza 16, na ikatwaa ubingwa mwezi Juni 2008.

Linganisha na Los Angeles Lakers, kiangazi cha 2012. Walimpata Steve Nash, fundi wa pasi aliyekuwa na miaka 38, na Dwight Howard, jitu la ulinzi lililokuwa limetoka kupasuliwa mgongo. Wakiungana na Kobe Bryant na Pau Gasol, watu wengi walikwisha kuwavika taji. Nash akavunjika mguu katika mchezo wa pili. Kocha akafukuzwa baada ya michezo 5. Msimu ukaisha kwa ushindi mara 45 na kushindwa mara 37, na katika raundi ya kwanza ya mtoano San Antonio ikawafunga mara 4 mfululizo. Kiangazi kilichofuata Howard akaondoka.

Tofauti ya timu hizo mbili haikuwa ukubwa wa majina. Boston ilinunua ilichokosa, na Lakers ilirundika sifa za jana juu ya miili iliyochoka. Aidha, tukumbuke kwamba NBA ina kikomo cha mishahara, ambacho kwa msimu wa 2025-26 kiliwekwa kwenye dola milioni 154.6 kwa timu. Timu yaweza kuvuka kikomo hicho kwa masharti na adhabu, lakini kila dola iliyomwendea nyota mmoja hupunguza nafasi ya kumlipa mwingine. Hata tajiri hupimiwa unga.

VYUO NAVYO VIMEBADILIKA

Kwa miaka mingi vyuo vikuu vya Marekani vilijaza viwanja na kuuza haki za televisheni kwa fedha nyingi, huku mchezaji akipewa masomo, chumba na chakula. Aliyehama mara nyingi alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Kocha, kwa upande wake, aliweza kuhamia chuo kingine na kuanza kazi mara moja.

Mwaka 2018 lilianzishwa daftari la uhamisho, ambamo mchezaji huandikisha jina lake ili vyuo vingine vimwone. Mwaka 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu, na mwaka 2024 idadi ya mara za kuhama ikaachwa wazi, ili mradi masomo yake yawe sawa. Tangu Julai 2021 anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake katika biashara. Na kufuatia suluhu ya kesi iliyoidhinishwa na mahakama mwezi Juni 2025, vyuo vikapata ruhusa ya kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza.

Matokeo yake ni mchanganyiko wa haki na vurugu. Walter Clayton Jr. alianza katika chuo kidogo cha Iona, akahamia Florida mwaka 2023, na Aprili 2025 akakiongoza chuo hicho kutwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Houston vikapu vya pointi 65 kwa 63. Kwake yeye, uhuru wa kuhama ulizaa matunda. Lakini chuo kidogo kilichomlea kilibaki kutafuta kijana mwingine. Kocha wa siku hizi hawezi kujua mwezi Machi ni nani atakayekuwa naye mwezi Septemba, na mchezaji aliyeahidiwa nafasi yaweza kumfika siku akakuta mgeni mwenye uzoefu ameletwa juu yake.

NENO KWA WAZAZI

Pengine nyumbani kwako yupo kijana anayeinama kuingia mlangoni, na mtu amekwisha kuja na ahadi ya shule ng'ambo. Usikatae kwa hofu, wala usikubali kwa sababu ya jina la chuo. Uliza mambo machache, na majibu yawe kwa maandishi. Msaada wa masomo ni wa mwaka mmoja au mpaka amalize? Akiumia goti, nani atamtibu, na masomo yataendelea? Wangapi wanacheza nafasi yake sasa? Kocha aliyetoa ahadi akihama, nani ataitimiza? Uliza pia juu ya viza, kwa kuwa mwanafunzi wa kigeni hubanwa na sheria za uhamiaji kuhusu kazi za malipo. Fedha anazopata Mmarekani mwenzake huenda yeye asiruhusiwe kuzipokea kwa njia hiyo hiyo.

Halafu mwulize kijana mwenyewe anataka kusoma nini. Goti likigoma au kocha akihama, cheti alichokitolea jasho darasani hakuna timu itakayoweza kukibadilisha kwa mchezaji mwingine.