Fahamu: Imani na Nuru, jumuiya za familia zenye watu wenye ulemavu wa akili

Foi et Lumière, yaani Imani na Nuru, ilianzia Ufaransa. Katika miaka ya 1960, wazazi wenye watoto wawili wenye ulemavu mkubwa wa akili walinyimwa nafasi katika hija ya jimbo lao kwenda Lourdes, kwa hoja kwamba watoto wangewasumbua mahujaji wengine. Kutokana na hilo, Marie-Hélène Mathieu na Jean Vanier, waanzilishi wa Imani na Nuru, waliandaa hija kwa ajili ya familia kama hiyo, na Pasaka ya 1971 watu wapatao 12,000 walifika Lourdes, theluthi moja wakiwa na ulemavu.

Kilichodumu zaidi ni jumuiya ndogo zilizobaki baada ya hija. Watu kama thelathini hukutana kila mwezi: wenye ulemavu, wazazi, ndugu na marafiki, hasa vijana. Husali, huimba, hula pamoja na kucheza. Mama aliyezoea kumshika mwanawe mkono kutwa nzima hukaa na wenzake huku kijana mwingine akiwa naye. Kati ya mkutano na mkutano hutembeleana na kupigiana simu. Hii si L'Arche, iliyoanzishwa na Vanier mwaka 1964, ambako wenye ulemavu na wasaidizi wao huishi nyumba moja. Hapa kila mtu hurudi kwao.

Mtandao wa Imani na Nuru hautoi matibabu wala posho. Unapunguza upweke, na kwa wazazi wengi huo ndio mzigo mzito zaidi. Hata hivyo, jina la mwanzilishi wake mmoja limetiwa doa: mwaka 2020, baada ya Vanier kufariki, uchunguzi ulioagizwa na L'Arche ulibaini kuwa aliwadhulumu kingono wanawake wasio na ulemavu.