Pikapu ya dizeli inapokula faida ya nyanya

MKULIMA wa nyanya wa Ilula, wilayani Kilolo mkoani Iringa, anajua bei ya tenga sokoni, bei ya mfuko wa mbolea na ujira wa vibarua wa kuchuma. Lakini muulize pikapu yake inakwenda kilomita ngapi kwa lita moja ya dizeli. Mara nyingi atakujibu tu kwamba gari lake "halili sana".

Hapo ndipo faida inapopotelea. Bei ya nyanya hupangwa na soko, na bei ya dizeli hupangwa mbali na shamba. Lakini kiasi cha dizeli kinachoungua ili kulifikisha tenga moja sokoni kimo mikononi mwa mwenye gari mwenyewe.

Tufanye hesabu ndogo. Kutoka Ilula hadi Iringa mjini ni kama kilomita 45, yaani 90 kwenda na kurudi. Tuchukulie pikapu inakwenda kilomita tisa kwa lita, hivyo safari moja inakula lita 10. Ikiwa kila lita itanunuliwa kwa Sh3,000, hizo ni Sh30,000.

Gari hilo hilo likirekebishwa na kufikia kilomita 10 kwa lita, safari itakula lita tisa. Lita moja iliyookolewa inaonekana ndogo, lakini kwa safari 150 katika mwaka ni lita 150, sawa na Sh450,000. Kwa mkulima mdogo hizo ni fedha za pembejeo.

Pima kabla ya kutengeneza

Kosa la kwanza la wenye magari wengi ni kumpelekea fundi gari na kumwambia tu kwamba linakula mafuta. Bila kupima, hakuna atakayejua kama matengenezo yamesaidia au yameongeza gharama.

Kipimo hakihitaji chombo chochote. Jaza tenki hadi pampu ya kituo ijikate yenyewe, kisha andika namba iliyo kwenye mita ya kilomita. Endesha safari zako za kawaida, halafu rudi kwenye kituo kile kile ujaze tena kwa namna ile ile. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Kama umekwenda kilomita 270 na tenki limepokea lita 30, gari lako linakwenda kilomita tisa kwa lita.

Rudia mara tatu upate wastani, kwa kuwa safari yenye mzigo na yenye milima hailingani na safari tupu ya tambarare. Kama mita ya gari ni mbovu, tumia barabara ambayo umbali wake unaujua. Kumbuka pia kwamba matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani huifanya mita isome kilomita pungufu.

Tumia daftari la shule la kurasa chache: tarehe, kilomita, lita, fedha na idadi ya matenga. Matumizi yakipanda ghafla, daftari litakuonya mapema, kabla gari halijakuzimikia njiani.

Vitu vidogo vinavyokula dizeli

Anza na matairi. Tairi lenye upepo mdogo linalala barabarani, na injini inalazimika kulisukuma kwa nguvu zaidi. Pima asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa ya baridi, na ufuate kibandiko ambacho kwa kawaida huwa kwenye mlango au nguzo ya mlango wa dereva. Pikapu yenye mzigo huhitaji upepo zaidi katika matairi ya nyuma kuliko ikiwa tupu. Usikadirie kwa kulipiga tairi teke.

Pili ni chujio la hewa. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hukandamiza hewa hadi inapata joto kali, na dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Kwa hiyo hewa ndiyo roho yake. Pikapu inayopita barabara za vumbi za vijijini huziba chujio mapema kuliko gari la mjini, hivyo usisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Lipulize kwa hewa ya kompresa isiyo na nguvu nyingi, kutoka ndani kwenda nje. Chujio la karatasi lisioshwe kwa petroli wala dizeli, na likichakaa libadilishwe.

Tatu ni breki zinazoshika. Baada ya mwendo wa kawaida usio na mteremko, simama na usogeze kiganja karibu na rimu za magurudumu bila kuzigusa. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine, huenda breki yake haiachii. Gari la namna hiyo huenda likiwa limejifunga breki, na dereva huilaumu injini.

Nne, wenye pikapu za magurudumu manne zenye habu za kufunga kwa mkono wazifungue wanapotoka kwenye matope na kuingia lami. Habu zikibaki zimefungwa, vyuma vya mbele huzungushwa bure.

Tano ni themostati. Injini ikipata joto, baadhi ya mafundi huing'oa na kuitupa. Kwa muda tatizo litaonekana limekwisha, lakini injini sasa itachelewa kupata joto lake la kazi, na injini ya baridi hula mafuta zaidi na huchakaa haraka. Dawa ni kutafuta chanzo cha joto, iwe ni rejeta iliyoziba, feni au pampu ya maji, kisha kuweka themostati mpya.

Moshi una habari zake

Mwenye gari asiye fundi anaweza kujua mengi kwa kutazama ekzosi. Moshi mweusi maana yake ni dizeli isiyoungua yote. Sababu huwa ni hewa kidogo, noseli zinazomwaga badala ya kunyunyiza, au pampu inayotoa dizeli kupita kiasi.

Sababu hii ya mwisho mara nyingi huletwa na wenyewe. Dereva akilalamika kwamba gari halina nguvu, fundi huikaza skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke. Gari litavuta vizuri kwa siku chache, lakini kila wingu jeusi linalobaki nyuma ni fedha iliyolipwa kituoni, na joto la ziada huumiza injini.

Moshi wa bluu huonyesha kwamba oili inaungua. Moshi mweupe wakati wa kuwasha asubuhi ya baridi si ajabu, lakini ukiendelea injini ikiwa imepata moto, taimingi na noseli zikaguliwe, pamoja na uwezekano wa maji ya rejeta kuingia ndani ya injini. Noseli na pampu zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, kwa kuwa hazisetiwi kwa kusikiliza sauti. Tapeti nazo zisetiwe kwa vipimo vya kitabu cha gari.

Dizeli ya kidumu

Dizeli ya vidumu inayouzwa kando ya barabara hushawishi kwa bei, lakini huweza kuwa na maji, uchafu au mafuta ya taa. Pampu ya injini hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi kama dizeli, hivyo nafuu ya leo huweza kulipiwa kwa pampu nzima kesho.

Ukiwa na shaka, weka kidogo kwenye chupa nyeupe na uiache itulie. Maji na uchafu vitashuka chini. Kama gari lako lina kitenganishi cha maji chini ya chujio la dizeli, fungua skrubu yake mara kwa mara utoe maji.

Tangu Januari 2009, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) imekuwa ikitangaza bei kikomo za mafuta, ambazo hutofautiana kati ya mji na mji. Mfanyabiashara anayepita miji miwili au mitatu ana sababu ya kuzisoma kabla ya kuamua ajaze wapi.

Mguu wa dereva

Gari zima linaweza kuharibiwa hesabu na mguu mmoja. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka kwa zaidi ya nusu. Matenga yaliyopangwa juu kupita kichwa cha gari na turubai linalopigapiga huzidisha hali hiyo. Panga mzigo chini, funga turubai likaze, na shusha vyuma na mbao usizohitaji.

Dizeli huvuta vizuri injini ikizunguka polepole. Panda gia mapema bila kuifanya injini itetemeke, na tazama mbele ili usikanyage mafuta kisha breki kila baada ya mita chache. Wakati wa kupakia, zima injini. Gari lenye tabo likitoka kupanda mlima liache linguruме kwa dakika moja au mbili kwanza, ndipo ulizime.

Kitonga si mahali pa kuweka fri

Wapo madereva wanaoamini kwamba kushuka mlima gari likiwa fri ni kuokoa mafuta. Wapeleka nyanya na vitunguu wanaoshuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni wanapaswa kulisikia hili vizuri: imani hiyo si ya kweli, na inaua.

Gari likishuka ndani ya gia na dereva ameondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu hukata dizeli. Likiwa fri, injini lazima ile dizeli ili isizimike. Kwa hiyo anayeweka fri ndiye anayetumia mafuta zaidi. Zaidi ya hayo, uzito wote wa mzigo huachiwa breki, ambazo zikipata moto hupoteza nguvu. Ingia mteremkoni na gia nzito tangu juu, kwani ukishaanza kukimbizwa na mzigo gia inaweza kugoma kuingia.

Sumaku na vidonge

Pia kuna wauzaji wa sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta na vidonge vya kutia kwenye tenki, kwa ahadi ya kupunguza matumizi kwa kiwango kikubwa. Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa Marekani (EPA) kwa miaka mingi ulipima vifaa vya aina hiyo zaidi ya 100, na vilivyoonyesha manufaa yoyote vilikuwa vichache sana. Fedha ya kidonge inunue chujio.

Hesabu ya tenga

Baada ya yote hayo, akiba kubwa kuliko zote haiko kwenye injini. Rudi kwenye safari yetu ya lita 10. Pikapu ikibeba matenga 20, kila tenga limekula nusu lita. Ikibeba matenga 10 tu, kila tenga limekula karibu lita nzima. Hakuna fundi awezaye kukupa nafuu kama hiyo.

Hivyo wakulima wawili wenye matenga 10 kila mmoja, wakivuna siku moja na kuchangia gari moja, wanapunguza gharama ya dizeli kwa karibu nusu. Na gari linaporudi, lirudi na mbolea, matenga matupu au bidhaa za duka la jirani anayelipia usafiri. Hii haina maana ya kuzidisha uzito. Mzigo unaopita uwezo wa gari hula matairi, springi na breki, na faini ikija hufuta akiba ya msimu.

Basi kabla ya safari ijayo, nunua daftari, pima upepo wa matairi na ujaze tenki. Kisha pita kwa jirani umuulize anavuna lini.